Zabibu hayuko sawa: shajara ya siku 60

Kabla ya siku ya 1

Paka wetu Duma amefariki wiki 3 zilizopita, figo, alikuwa na miaka 14. Zabibu, paka mwenzake, ana miaka 9 na alikuja hapa ana miezi 4, kwa hiyo hajawahi kuijua nyumba hii bila Duma ndani yake. Wiki ya kwanza alizunguka akimtafuta, usiku analia mlangoni kwa chumba ile sauti ndefu ya kuita, halafu akanyamaza, na huko kunyamaza ndo kulinitisha kuliko kulia. Sasa hivi anakaa nyuma ya pazia au chini ya kitanda, hachezi, manyoya ya mgongoni karibu na mkia yamegandana kama nywele ambazo hazijaona kitana wiki nzima, na huyu ni paka ambaye alikuwa anajilamba mpaka katikati ya vidole.

Kila mtu nyumbani anasema ana huzuni. Na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini jana nimekaa nikajiuliza, najuaje? Mimi mwenyewe naamka nalia, naona Duma kila kona, nitashindwaje kumwona Zabibu ana sonona? Kwa hiyo naanza kuandika, kila siku, vitu vinavyohesabika: uzito, gramu za chakula, mabonge ya mkojo kwenye mchanga, dakika za mchezo, sehemu aliyolala. Maneno kama "mnyonge" na "kapooza" ruksa, ila baada ya namba.

Siku ya 1

Nimepanda kwenye mizani mwenyewe, nikapanda nimembeba, nikatoa. Nimerudia mara 3 maana mizani yenyewe inarukaruka, ikatulia kwenye kilo 4.1. Kadi yake ya kliniki ya miezi 5 nyuma inasema 4.4. Gramu 300 kwa mtu si kitu, kwa yeye ni karibu asilimia 7 ya mwili wake wote, na mimi namshika kila siku sikuona.

Chakula kikavu nimeweka gramu 55 kama kawaida, usiku zimebaki 24, so kala 31. Mkojo mabonge 2, kinyesi 1. Mchezo 0. Kulala sijaandika masaa kwa sababu paka mzima tu analala masaa 12 hadi 16 kwa siku, kwa hiyo "analala sana" haisemi chochote, naandika amelalaje. Zamani alikuwa analala ubavu, tumbo wazi, miguu imetupwa huku na huku. Leo amesinzia kajikunyata, miguu yote 4 imefichwa chini ya mwili, kichwa kimeinama, macho hayajafunga vizuri. Huko si kupumzika.

Nimepiga simu kliniki leo leo, nafasi ipo siku ya 4. Dokta kaniambia maadamu anakula hata nusu tunaweza kusubiri, ila akimaliza siku nzima hajatia kitu mdomoni nisisubiri nafasi, nimlete. Paka akiacha kula mwili unayeyusha mafuta haraka na kuyapeleka kwenye ini, ini linazidiwa, linajaa mafuta, na hilo linaua, na paka mnene ndo yuko hatarini zaidi. Siku 2 au 3 tu zinatosha kuanza. Kwa hiyo ile kauli ya njaa ikimzidi atakula mwenyewe, kwa paka haifanyi kazi jamani.

Siku ya 2

Kala 28.

Leo nimekosea kitu kikubwa. Blanketi la kijani alilokuwa analalia Duma kwenye kochi, nimeshindwa kuliangalia, nikalichukua nikalifua na sabuni yenye marashi, likakauka nikalirudisha pale pale. Jioni Zabibu kapanda kochi, kanusa. Kanusa tena pembeni, kazungusha pua kwenye pindo lote pole pole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ndefu, kisha kashuka na hakurudi. Ndo nikaelewa. Paka ramani ya nyumba ameichora kwa harufu, kila anaposugua shavu kwenye kona ya ukuta au mguu wa meza anaweka alama kwamba hapa ni kwetu, na mimi nimeifuta alama ya mwenzake kwa siku moja kwa sababu ilikuwa inaniumiza mimi.

Kimebaki kitu 1, mto mdogo wa dirishani. Nimewaambia wote hapa ndani, huo usiguswe, usifuliwe, usihamishwe.

Siku ya 3

Kala 33. Mkojo 2.

Nimejifunza kusoma uso. Kuna kipimo kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Montréal, kikachapishwa 2019, unaangalia vitu 5 tu: masikio, macho, mdomo na pua, sharubu, na kichwa kimekaaje ukilinganisha na mabega. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2, jumla inakuwa 10, ikifika 4 kuna uwezekano mkubwa wa maumivu yanayohitaji dawa. Masikio ya paka aliye sawa yanatazama mbele, ya mwenye maumivu yanavutika pembeni na nafasi kati yake inapanuka. Macho yanabanwa. Mdomo unakaza. Sharubu badala ya kulegea na kupinda zinanyooka. Kichwa kinashuka usawa wa mabega au chini yake. Sharti awe macho na ametulia, si wakati anakula wala anajilamba.

Asubuhi 2, mchana 3, jioni 2. Nikashusha pumzi nikamwambia mdogo wangu, unaona, si maumivu, ni msiba. Naiandika kama nilivyoisema.

Siku ya 4

Kliniki. Kwenye tenga kalia njia nzima.

Nilifika na stori yangu yote, Duma, kulia usiku, blanketi, dokta kanisikiliza mpaka mwisho halafu kasema, "Dada, mimi huzuni siiandiki kwenye faili kabla sijaumaliza mwili." Akanieleza: paka ni mwindaji lakini ni mdogo, wakubwa nao wanamwinda, kwa hiyo ameumbwa kuficha udhaifu. Anajificha, anaacha kujilamba, anakula kidogo, anakuwa mkali akishikwa, na hizo hizo ndo dalili za figo, za tezi ya shingoni, za kisukari, za viungo, za meno. Huwezi kuzitofautisha kwa macho. Hata ule mngurumo wake wa raha si ushahidi, paka ananguruma hata akiwa na maumivu.

Aliuliza sana kuhusu kuruka. Anapanda kitandani mara moja au anapita kwanza kwenye stuli? Paka wenye zaidi ya miaka 12 ukiwapiga eksirei wengi mno viungo vimelika, na hawachechemei kama mbwa, wanaacha tu kuruka na mtu anasema kazeeka. Zabibu anaruka vizuri. Damu na mkojo vimechukuliwa, majibu jioni yamekuja safi, figo, tezi, sukari vyote sawa. Nililia kwenye simu, maana neno figo kwenye nyumba hii bado halitamkiki.

Mdomo: aliruhusu kuinuliwa upande 1, fizi nyekundu kidogo nyuma huko, upande wa pili kakataa kabisa. Dokta kasema paka aliye macho anakuonyesha nusu tu ya mdomo wake, na jino la paka linaweza kuwa bovu chini ya fizi huku juu linang'aa. Tumekubaliana nirekebishe mazingira, niendelee kupima, ikipita wiki 2 hakuna tofauti arudi apigwe nusu kaputi waangalie meno kwa eksirei. Kuna pia dawa za sonona ambazo madaktari wa mifugo wanaandikia paka, mfano fluoxetine, ila inachukua wiki 4 mpaka 6 kuonyesha kazi na hawezi kuianza kwa kubahatisha.

Nimeondoka na jambo jingine kichwani. Dawa za binadamu kamwe. Paracetamol haswa, ini la paka halina njia ya kuivunja, kidonge 1 kinaweza kumuua. Nimehamisha dawa zote za nyumbani kwenye droo yenye ufunguo.

Siku ya 5 na 6

Nimefanya mambo mengi kwa mpigo. Nimeweka boksi la mchanga la pili, kwa sababu kanuni ni idadi ya paka jumlisha 1. Nimelihamisha lile la zamani kutoka karibu na mashine ya kufulia, nimebadilisha aina ya mchanga, bakuli la maji nimelitenga na la chakula. Nimemwekea pia boksi tupu la karatasi ngumu, matundu mawili ili asihisi kunaswa. Kuhusu boksi nina imani nalo, Chuo Kikuu cha Utrecht walijaribu 2014 kwa paka wapya kwenye makazi ya wanyama, wale waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wasio nalo. Kwa hiyo kujificha kwenyewe si adui, na kumvuta paka kutoka chini ya kitanda ili "achangamke" ni kumnyang'anya kitu pekee kinachomsaidia.

Kala 30, 34.

Siku ya 7

Kakojoa kwenye zulia la mlangoni.

Kwanza niliangalia ni mwingi au matone, una damu au hauna, anajikamua au hajikamui. Ulikuwa mwingi, safi, mara 1. Nikampigia dokta hata hivyo, kwa sababu paka akibanwa na msongo kibofu chake kinaweza kuvimba bila bakteria yoyote, na angekuwa dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kitu kutoka ningekuwa njiani tayari, dume akiziba ni dharura ya saa ile ile, anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3.

Kosa ni langu. Mabadiliko 5 ndani ya siku 2 kwa mnyama ambaye ndo kwanza amepoteza kitu kikubwa kuliko vyote. Nimerudisha mchanga wa zamani, boksi la zamani limerudi kwake, lile la pili limebaki na mchanga wa zamani pia. Kuanzia leo badiliko 1 kwa siku 4, basi.

Siku ya 8

Mkojo 2, zote mchangani. Kala 32.

Siku ya 10

Watu wananipenda na wanampenda Zabibu, kwa hiyo ushauri unakuja kila upande. Leo ndugu yangu kaja na habari ya kitoto cha paka, miezi 2, anatafutiwa nyumba, "ampe mwenzake furaha". Nimekataa kwa upole lakini nimekataa. Paka hapokei mgeni kwa sababu kakosa mwenzake, kwake mgeni ni mgeni, na kumleta sasa hivi ni kumwambia hata hiki kidogo ulichobakiza nacho ugawane. Siku zikifika za kufikiria hilo itakuwa kwa kuwazoesha pole pole, milango imefungwa, harufu kwanza.

Jirani kanishauri mafuta ya mimea ya kuchoma chumba kinukie vizuri, yanatuliza. Kwa watu labda. Mafuta ya aina hiyo mengi ni sumu kwa paka, ya mti chai (tea tree) ni kati ya mabaya zaidi, anayapata kwa ngozi na kwa kujilamba. Na maua ya yungiyungi (lily) niliyoletewa ya rambirambi nimeyatoa nje nzima nzima na chombo chake, hata vumbi la maua yake paka akililamba figo zinakufa.

Kala 29. Amelala ndani ya boksi masaa mengi.

Siku ya 12

Leo. Leo ndo siku.

Nilikuwa nimeweka simu sakafuni irekodi anavyokula, si kwa sababu nashuku kitu, nilitaka tu kujua anakula saa ngapi nikiwa sipo. Jioni nimekaa naangalia. Anakuja kwenye bakuli haraka, yaani ana hamu. Anainamisha kichwa. Anachukua punje, anaipeleka upande wa kulia, anatafuna kichwa kikiwa kimelalia kulia. Punje ya tatu inateleza kushoto, na pale taya linatetemeka, kidogo, haraka, kama baridi imempiga, punje inadondoka, anarudi nyuma hatua 2 anaitazama bakuli kama imemng'ata. Anakaa. Anajilamba mdomo mara 5. Anarudi anajaribu tena. Anaondoka.

Nimeiangalia hiyo sehemu mara 10. Hakuwa hana hamu. Alikuwa na njaa na anaogopa kula.

Dakika 10 baada ya kula, uso: masikio 1, macho 1, mdomo 2, sharubu 1, kichwa 0. Jumla 5. Na siku zote nilikuwa napima wakati amepumzika mbali na bakuli, nafurahi kuandika 2. Wiki 5 tangu Duma aondoke, tumembembeleza, tumemhurumia, tumesema ana majonzi, na yeye jino linamuuma.

Video nimemtumia dokta usiku huo huo. Kajibu, "Mlete."

Siku ya 13 hadi 15

Nafasi ya meno ni siku ya 16. Mpaka hapo dawa ya maumivu aliyoandika dokta, na chakula cha kopo nimekisaga laini, nimekipasha kidogo kifike kama joto la mwili, kwa sababu paka chakula anakichagua kwa pua na kikiwa baridi ya friji hakina harufu. Amelamba sahani nzima. Siku ya kwanza ya dawa, masaa 3 baadaye, kajilamba ubavu. Mimi nilisimama mlangoni sipumui nisije nikamkatisha.

Siku ya 16

Nusu kaputi, eksirei ya mdomo mzima. Magego madogo 2 ya chini kushoto, ugonjwa ambao mwili wenyewe unalila jino, unaanzia kwenye mzizi huko usikoonekana, halafu fizi inapanda kufunika shimo na ukitazama unaona wekundu tu. Ni kawaida mno kwa paka wakubwa. Hakuna kuziba, ni kung'oa. Yameng'olewa yote mawili. Uzito leo kilo 4.05.

Dokta kanionyesha picha, mzizi umelika kama chaki iliyolowa. Nikamuuliza limeanza lini, kasema si la wiki 5, miezi. Maana yake Duma akiwa bado hai, jino lilikuwa tayari linauma, na wote tulikuwa tunamwangalia mgonjwa yule mwingine. Hilo nitakuwa nalo muda mrefu.

Siku ya 17, 18, 19

Kalala. Kala laini. Dawa kwa saa. Uso 3, 2, 1.

Siku ya 21

Kilo 4.1. Mgongo wote kaulamba, kuanzia shingoni mpaka mkia, yale manyoya yaliyogandana yamefunguka. Uso 0 kwa mara ya kwanza tangu nianze kupima.

Siku ya 25

Hapa nilitegemea niandike mradi umekwisha. Haujaisha. Chakula kimerudi, uso 0 siku 4 mfululizo, anajilamba, lakini bado hachezi. Saa 12 jioni, saa yao ya kukimbizana na Duma kutoka jikoni mpaka chumbani, anatoka chini ya kitanda, anakaa katikati ya korido, anasubiri. Dakika 10 hivi. Halafu anarudi. Nimeiona siku 3 sasa, saa ile ile, na hii si stori ya kichwani kwangu, muda nimeuandika.

Kwa hiyo yalikuwa mambo mawili, moja limefunikwa na jingine. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oakland, Marekani, waliwauliza wenye paka kuhusu paka aliyebaki nyumbani baada ya mnyama mwenzake kufa, na wale waliokuwa karibu zaidi na marehemu walielezwa kulala, kula na kucheza kidogo kuliko zamani. Lakini wenyewe wametahadharisha, labda ni watu wanaoona majonzi yao kwa paka. Nimesoma hiyo nikaongeza safu kwenye daftari, imeandikwa "mimi", 0 mpaka 5, nimeamkaje leo, 5 ndo vibaya kabisa. Nataka kuona kama siku zangu mbaya ndo siku ninazoandika Zabibu mnyonge.

Siku ya 27

Ameshapona fizi, dokta karuhusu mchezo. Fimbo yenye uzi na manyoya mwishoni. Taa ya leza siitumii, hakuna siku paka ataikamata na inamwacha na hamu isiyokwisha.

Saa 12 jioni, korido ile ile, alipokaa kusubiri. Nimetikisa fimbo mbele yake kama nilivyozoea zamani. Kaangalia pembeni. Kaondoka.

Siku ya 28

Tena hapana.

Siku ya 29

Nimebadilisha namna. Zamani nilikuwa nampelekea manyoya usoni, na hakuna panya duniani anayemfuata paka. Leo nimeyaburuta yakienda mbali naye, pole pole, yakasimama, yakatikisika kidogo, yakapotea nyuma ya mguu wa kiti ikabaki ncha inayoonekana. Kimya. Kisha masikio yote mawili yakageukia kiti. Mboni zikafunguka zikawa nyeusi tupu. Kajishusha tumbo likagusa sakafu, makalio yakatikisika mara 2, na karuka. Mara 1 tu. Kayakamata na makucha ya mbele, kayang'ata, nikayaacha kwake, sikuyavuta. Hapo hapo nikampa kijiko cha chakula laini, kwa sababu kuwinda kwa paka kunaisha kwa kula, ukikata katikati unamwacha hewani.

Mchezo: dakika 2. Nimeizungushia duara daftarini.

Siku ya 30 hadi 36

Mara 2 kwa siku, alfajiri na jioni, saa ambazo paka kwa asili yake yuko macho zaidi. Dakika 2, 3, 3, 5, 4, 0, 5. Ile 0 ni siku niliyochelewa kurudi saa moja nzima, alikaa koridoni peke yake akachoka. Sasa hivi nikichelewa mdogo wangu anashika fimbo. Kitu cha kujulikana kwamba kitakuja, saa ile ile, naona kinamsaidia kuliko mchezo wenyewe.

Siku ya 34 nimekuta kautafuna uzi karibu ukatike. Uzi ukimezwa unaweza kushika mwanzo wa utumbo na kuukunja wote kama pazia, ni upasuaji huo. Fimbo inaingia kabatini kila baada ya mchezo, hailali sakafuni tena.

Siku ya 41

Tumekaa yeye kwenye mkono wa kochi, mimi chini. Nimemtazama nikafumba macho pole pole, nikafumbua nusu, nikafumba tena, nikageuza uso. Hii Chuo Kikuu cha Sussex waliipima 2020, paka anamfumbia zaidi mtu aliyemfumbia hivyo, na hata kwa mtu asiyemjua anausogelea mkono wake zaidi. Zabibu kanitazama muda. Kafumba. Kafumbua. Kafumba.

Sijamshika. Nimemwacha aje, na hakuja, na ilikuwa sawa.

Kilo 4.2.

Siku ya 46

Nimekaa na daftari, safu ya "mimi" siku 21 sasa. Siku nilizoamka 4 au 5 nimeandika maneno kama "kapooza leo", "anamkumbuka", "macho yana majonzi". Ukisoma namba za siku hizo hizo, gramu ziko sawa, dakika ziko sawa, uso 0. Na siku 2 ambazo kweli alishuka, alikula nusu na hakucheza, mimi nilikuwa na 1, niko vizuri, na maneno niliyoandika ni "ametulia". Nimemwonyesha mama, kasoma kimya, kasema, "Basi mwanangu uwe unamwangalia yeye." Zile siku 2 nimeziwekea alama, nimempigia dokta, kasema aletwe tukague fizi. Kakaguliwa, ziko sawa.

Siku ya 52

Kapanda dirishani, kwenye mto wa Duma. Haujaguswa mwezi na nusu, una vumbi na manyoya yake ya kijivu bado. Kaunusa muda mrefu. Kaukandakanda na mikono ya mbele, kulia, kushoto, kulia, macho nusu, kisha kasugua shavu kwenye pindo. Shavu la kushoto, upande uliokuwa unauma. Kalala ubavu. Miguu kaitupa.

Kwa hiyo sasa mto una harufu za wawili.

Siku ya 60

Kilo 4.35. Kula: kopo lote na kikavu gramu 33, anatafuna pande zote mbili, video ninayo. Mkojo 2, kinyesi 1. Uso 0. Mchezo asubuhi dakika 5, jioni 6. Kujilamba ndio. Kulala: dirishani, ubavu.

Kuanzia kesho naandika mara 1 kwa wiki, uzito kila jumapili, meno kukaguliwa kila baada ya miezi 6 maana ugonjwa huu ukishaanza kwenye jino 1 unaweza kurudi kwenye jingine.

Alfajiri kalia mlangoni kwa chumba, ile sauti ndefu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nimefungua. Kaingia, kazunguka kitanda, kanusa chini, kasimama pale Duma alipokuwa analala siku zake za mwisho, halafu karuka akaja kukaa miguuni kwangu. Kulia: mara 1. Mimi: 3.